Betri inayolala kila mara: pima kwanza, dukani baadaye

Gari likilala mara moja, yaani likagoma kuwaka, huenda ulisahau taa. Likilala tena, na tena, ipo sababu, na haitaondoka kwa kushtua gari kila asubuhi kwa waya za jirani. Wateja wengi wanaofika kwangu hapa Tandika, Dar es Salaam, wameshanunua betri mpya kabla ya kuniona. Betri hiyo inawapa majuma mawili ya amani, kisha hali inajirudia, na sasa hata ile mpya imeanza kudhoofika, kwa sababu betri ya gari haikutengenezwa kumalizwa hadi mwisho. Kila inapokauka chaji kabisa inapoteza sehemu ya uhai wake.

Mimi ni fundi umeme wa magari na siuzi betri, kwa hiyo sina faida yoyote nikikwambia usikimbilie duka.

Mambo makubwa ni matatu. Betri yenyewe haishiki chaji, au oltaneta, kile kifaa cha kuzalisha umeme kinachozungushwa na mkanda wa injini, haiijazi, au kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Mteja akija huwa naanza na maswali, spana baadaye. Linalala lini? Kama umetoka Posta ukaendesha saa nzima, umefika nyumbani, umezima, na dakika kumi baadaye haliwaki, mawazo yangu yanakwenda kwenye oltaneta au betri. Kama jioni liliwaka vizuri na asubuhi liko kimya, au linalala tu ukiliacha Jumamosi na Jumapili, kuna mnyonyaji. Kama linagoma, ukitikisa tamino, kile kibanio cha waya kwenye kichwa cha betri, linawaka, jibu umeshalishika mkononi. Na swali ambalo watu hawapendi kulijibu: nini kilifungwa kwenye gari hivi karibuni? Redio, alamu, kamera, taa za urembo? Wengi husema hakuna. Ukiuliza mara ya pili wanakumbuka.

Vifaa havitishi: malitimita (kipimo cha umeme), spana namba 10, bisibisi, msasa, kipande cha waya. Ile malitimita ndogo ya njano inayouzwa kila duka la umeme inatosha, na bei yake haifiki hata robo ya betri.

Anza na macho. Fungua boneti uangalie tamino. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, huo ni ukuta kati ya betri na gari. Fungua hasi kwanza, halafu chanya. Mwagia maji ya moto yenye bikaboneti ya kupikia, sugua, suuza, kausha, kisha piga msasa ndani ya tamino na kwenye kichwa cha betri mpaka risasi ing'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, paka grisi au vaselini juu. Utaratibu huo wa hasi kwanza kutoka na mwisho kurudi una sababu: hasi ikiwa imeshaondolewa, spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya hakuna cheche.

Jaribu kuizungusha tamino kwa mkono. Ikizunguka, haijakaza. Betri za Kijapani zina vichwa vya aina mbili, vinene na vyembamba, na tamino nene ikivalishwa kichwa chembamba fundi wa haraka huchomeka msumari au kipande cha bati la kopo ili ibane. Nimetoa misumari hiyo kwenye magari ya watu wenye heshima zao. Linawaka leo, kesho linagoma, na mwenye gari anaambiwa betri imekufa. Tafuta tamino inayoendana na kichwa. Ni kitu cha bei ndogo.

Sasa pima betri. Weka malitimita kwenye DC 20, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kuwasha. Kama gari limetoka barabarani sasa hivi, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime, maana chaji ya juujuu hudanganya. Ukisoma 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 ihesabu tupu. Lakini usiihukumu kwa kipimo hicho peke yake! Betri tupu si lazima iwe betri mbovu. Ijaze kwanza kwa chaja, iache ipumzike saa kadhaa, upime tena. Imejazwa usiku mzima na bado inakaa kwenye 10.5? Hapo chumba kimoja kimekufa. Betri ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa takribani volti 2.1, kikitoka kimoja, hesabu inakuja hapohapo.

Betri iliyojaa ipewe mtihani wa stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Mtu awashe gari, wewe uko kwenye malitimita. Volti zitashuka kwa muda mfupi. Zikibaki juu ya 9.6, betri ina nguvu. Zikiporomoka hadi 8 au 7 na stata inalia ta-ta-ta, betri imechoka. Zikibaki 12 na kitu na stata haisemi kitu, achana na betri. Angalia waya, swichi na stata yenyewe. Kuna hali ya nne inayowachanganya wengi: volti ziko sawa lakini injini inazunguka kwa uvivu. Weka ncha moja ya malitimita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi, ule wa hasi unaokwenda kwenye chuma cha gari, umeoza au bolti yake ina kutu. Magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni kule, nayapima athi kabla ya kitu kingine chochote.

Tuje kwenye oltaneta. Injini ikiwaka, pima tena kwenye vichwa vya betri. Unatarajia kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi. Ikishuka kidogo si neno, ikikaa chini ya 13 na injini umeipandisha kidogo, haijazi. Kabla ya kuishusha oltaneta, angalia mkanda: umelegea, umepasuka, una mafuta? Angalia pia taa ya chaji kwenye dashibodi. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha oltaneta unapitia kwenye balbu hiyo, na balbu ikiungua oltaneta inaweza kukaa kimya ingawa ni nzima. Ukisoma zaidi ya 15, kidhibiti ndani ya oltaneta kimeharibika na betri inachemshwa. Dalili yake ni betri ya maji inayokauka kila mwezi, na harufu ya yai bovu ukifungua boneti.

Wenye Honda wasishtuke. Baadhi ya Honda hupunguza chaji makusudi mzigo ukiwa mdogo ili kuokoa mafuta, na unaweza kusoma 12.4 injini ikiunguruma. Washa taa kubwa. Ikiruka juu ya 14, mfumo uko salama. Nimeona oltaneta nzima ikibadilishwa kwa kutolijua hilo.

Na hapa nasema kwa sauti kubwa: mtu akitaka kuipima oltaneta kwa kuchomoa tamino gari likiwa linaunguruma, mnyang'anye spana. Zamani, kwenye magari yasiyo na kompyuta, hilo lilipita. Leo betri ikitoka ghafla, volti za oltaneta zinaweza kuruka juu sana kwa muda mfupi, na kinachoungua ni kompyuta ya gari, ambayo bei yake inanunua betri kadhaa.

Kuna pia oltaneta nzima, betri nzima, na gari bado linalala, kwa sababu ya maisha yake. Injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, oltaneta inatoa sehemu tu ya uwezo wake. Ukikaa foleni ya barabara ya Mandela jioni na kiyoyozi, taa, muziki na simu mbili kwenye chaji, kinachoingia kinaweza kuwa kidogo kuliko kinachotoka. Ukiongeza safari za kwenda dukani na kurudi, betri haipati nafasi ya kujaa hata siku moja. Gari la namna hiyo ulipeleke safari ndefu, mfano Chalinze na kurudi, au uiweke betri kwenye chaja usiku mmoja kila mara.

Yote hayo yakiwa sawa, tunamtafuta mnyonyaji. Hapa ndipo mafundi wengi wanakata tamaa, na ndipo mimi ninapopapenda.

Gari likizimwa halizimiki lote. Saa, alamu, kumbukumbu ya kompyuta na kipokezi cha rimoti vinaendelea kula kidogo. Kiasi kinachovumilika ni chini ya ampea 0.05. Piga hesabu: 0.05 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya NS60, inayoenea magari mengi madogo, ina kama ampea-saa 45. Inaweza kukaa majuma mawili na gari likawaka. Sasa weka 0.5. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60, yaani ampea-saa 30. Theluthi mbili za betri zimekwenda na hakuna taa hata moja uliyoiona ikiwaka.

Kupima ni hivi. Betri iwe imejaa. Zima kila kitu, toa ufunguo, na kama gari lako ni la rimoti ya kubonyeza swichi, ipeleke mbali, hata ndani ya nyumba, maana ikiwa karibu inaliamsha gari. Fungua boneti na mlango wa dereva ili uzifikie fyuzi, kisha chukua bisibisi uifunge komeo ya mlango pale ubavuni, kama vile mlango umefungwa. Taa ya ndani itazimika. (Usisahau kuiachia kwa kuvuta mshikio kabla ya kuufunga mlango, la sivyo utaugonga.) Hamisha waya mwekundu wa malitimita kwenye tundu la 10A na uweke swichi yake kwenye 10A. Fungua tamino ya hasi, uiweke malitimita katikati: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye tamino iliyotoka. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya malitimita.

Tahadhari. Kwenye malitimita nyingi za bei nafuu tundu la 10A halina fyuzi ndani. Ukipiga stata hapo, waya zitayeyuka mkononi mwako. Usiwashe gari, usiwashe hata taa kubwa. Na ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukiusahau kwenye 10A halafu ukaja kupima betri, utakuwa umepiga shoti betri nzima.

Mwanzoni utasoma ampea moja, mbili, hata zaidi, kwa sababu umeliamsha gari. Usianze kung'oa fyuzi. Kunywa chai. Kompyuta za magari ya sasa hulala moja baada ya nyingine na zinaweza kuchukua nusu saa. Namba ikitulia chini ya 0.05, gari lako halinyonyi, rudi kwenye betri na oltaneta. Ikitulia kwenye 0.3, 0.6 au 2, toa fyuzi moja, tazama namba, irudishe, nenda kwenye nyingine. Ile inayoishusha namba ghafla ndiyo njia anayopita mnyonyaji. Soma jina lake kwenye mfuniko.

Kwa magari yanayoamka kila ukigusa fyuzi, njia bora ni kutozitoa kabisa. Rudisha tamino, liache gari lilale, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, weka malitimita kwenye 200m ya DC (milivolti 200), na gusa vile vichuma viwili vidogo vilivyo wazi mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Inayopitisha itakuonyesha milivolti kidogo. Kwa fyuzi ndogo ya 10A, milivolti moja ni zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya ampea. Unapita sanduku zima kwa dakika tano bila kuliamsha gari.

Mzee mmoja wa Yombo alileta Toyota Noah yake akiwa na betri ya pili tangu mwaka uanze. Alinitazama nikimfungulia boneti, akauliza, "Binti, fundi yuko wapi?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ndiye mimi." Akacheka, akakaa kwenye tairi. Malitimita ilitulia kwenye 0.6. Nilipotoa fyuzi iliyoandikwa DOME ikaporomoka. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo inalisha taa za ndani na kumbukumbu ya redio pamoja. Taa zilikuwa zimezimika, kwa hiyo nikaivuta redio. Ilikuwa ya kioo kikubwa, imefungwa mjini na fundi redio, na waya mwekundu na wa njano vilikuwa vimesokotwa pamoja kwenye umeme wa kudumu. Njano ni wa kumbukumbu, unatakiwa uwe na umeme muda wote. Mwekundu unatakiwa upate umeme swichi ikifunguliwa tu. Mzee alikuwa anabonyeza kioo kizime, na kioo kinazima kweli, lakini ndani redio inaendelea kufanya kazi usiku kucha. Nikautenganisha mwekundu, nikaupeleka kwenye waya wa ACC, unaopata umeme swichi ikifunguliwa, nikafunga tepu. Namba ikarudi 0.02.

Hii redio ndiyo mshitakiwa wangu wa kwanza siku zote. Wa pili ni taa za breki. Juu ya pedali ya breki kuna swichi, na kwenye pedali kuna kitufe kidogo cha plastiki kinachoibonyeza mguu ukiondoka. Gari likizeeka, plastiki hiyo inasagika na kudondoka. Ukikuta vipande vidogo kwenye kapeti chini ya pedali, ndivyo hivyo. Taa za breki zinabaki zinawaka: balbu mbili za wati 21 ni ampea 3.5, na kwa usiku mmoja wenye urefu wa saa kumi zinakula ampea-saa 35. Mchana huzioni, na usiku umeshalala. Weka kitufe kipya, au bolti fupi na nati wakati unakitafuta.

Taa ya buti nayo. Balbu ya wati 5 inakula kama ampea-saa 10 kwa siku. Utajuaje kama inazimika ukifunga? Washa kamera ya simu irekodi video, iweke ndani, funga buti, fungua, tazama. Hivyohivyo kwa kiboksi cha dashibodi.

Ukitoa fyuzi zote na namba haishuki, mnyonyaji yuko kabla ya fyuzi: oltaneta, au alamu na kifuatiliaji vilivyochukua umeme moja kwa moja kwenye betri. Kwa oltaneta kuna kipimo cha mkono. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, shika bodi ya oltaneta. Injini yote ya baridi na oltaneta ina uvuguvugu? Dayodi zake, vile vipande vya ndani vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zinavujisha umeme kurudi nyuma. Kuthibitisha, toa hasi ya betri, fungua ule waya mnene nyuma ya oltaneta, uzungushie tepu, kisha pima ampea upya. Namba ikipotea, peleka oltaneta ibadilishwe dayodi. Si lazima ununue nzima. Rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyonata pia inajulikana kwa mkono: gari limezima muda mrefu na rilei moja ina joto. Ibadilishe na rilei ya pembeni yake yenye namba ileile, uone kama ampea zitashuka.

Mnyonyaji akiondoka, betri ijazwe kwa chaja. Oltaneta ni ya kurudisha kilichotumika kuwasha gari, na kuibebesha betri tupu ni kuichosha. Chaji ya polepole, ampea 4 hadi 5 kwa betri ya ampea-saa 45, usiku mzima. Wale wanaokujazia kwa dakika ishirini kwa ampea nyingi wanaichemsha. Sehemu iwe na hewa, pasiwe na sigara wala cheche, kwa sababu betri inayojazwa hutoa haidrojeni. Kwa sababu hiyohiyo, ukishtua gari kwa waya, kibanio cha mwisho cha hasi kiweke kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Betri ya maji iongezwe maji safi ya betri peke yake, kamwe si asidi. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki ndani.

Kama ni lazima kununua, soma namba iliyo kwenye ya zamani. 46B24L, kwa mfano: 46 ni kiwango cha nguvu, B ni upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, L ni upande vilipo vichwa. Ukichukua R badala ya L, waya hazitafika, au mtu atazivuta kwa nguvu na kuziweka kinyume. Angalia tarehe ya kutengenezwa, na mwombe muuzaji aipime mbele yako. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa rafuni mno, iache hapohapo. Chukua risiti yenye tarehe. Na betri ifungwe kwa mkanda au chuma chake, maana mtikisiko wa barabara unavunja plati ndani.

Siku unayomaliza kazi, pima volti saa moja baada ya kuzima gari, andika namba. Pima tena asubuhi kabla ya kuwasha, na asubuhi inayofuata bila kuliendesha. Ikibaki 12.5 au 12.6, funga boneti. Ikiwa imeshuka hadi 12.3, kuna fyuzi uliyoiruka.